Kabla ya ICU na Baada Yake: Majeruhi wa Kichwa wa Korogwe na Handeni

 

Nimekuja kuzungumza juu ya watu wanaoumia kichwa katika wilaya zetu mbili, Korogwe na Handeni, na yanayowapata wanapofikishwa chumba cha wagonjwa mahututi, kile ambacho kila mtu siku hizi anakiita ICU. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya uuguzi imepita ndani ya vyumba hivyo. Katika miaka yote hiyo, jambo moja limenikaa moyoni, na ningependa mlisikie mapema kabla hamjachoka: hatima ya mgonjwa wa kichwa huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajafika kwetu, na sehemu nyingine huamuliwa baada ya kutoka kwetu. ICU ina kazi yake, tena kubwa. Lakini mtu aliyekosa hewa tangu Segera mpaka hospitali ya Magunga pale Korogwe, hakuna mashine itakayomrudishia ubongo uliokufa njiani. Na mtu aliyetoka ICU akiwa hai, akafika kwao Kwamsisi au Bungu asipate wa kumnyoosha mkono uliokakamaa, kazi yetu imepotea nusu.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayotuletea wagonjwa. Barabara kuu ya kutoka Chalinze huingia Handeni kupitia Mkata, ikapita Kabuku na Michungwani, ikafika Segera. Pale hugawanyika: huku Muheza na Tanga, huku Korogwe, Mombo, Same, Moshi mpaka Arusha. Mabasi ya kaskazini, malori ya mizigo na magari ya misiba yanayowahi mazishi Kilimanjaro, yote hupita mlangoni petu, mengi yakipita usiku. Kisha kuna lami inayoshuka kutoka Handeni mjini kuja Mkata, na ile inayotuunganisha Handeni na Korogwe. Tuliiomba lami hiyo miaka mingi na imetuletea neema. Imetuletea na mwendo kasi.

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza, Fuso iligongana na Coaster iliyokuwa imebeba mwili wa marehemu na waombolezaji kutoka Dar es Salaam. Watu 17 walitangazwa kufariki siku ya kwanza, wengi wao wa familia moja. Tarehe 13 Januari 2025 ikawa zamu ya Chang'ombe, kata ya Segera. Gari lilikuwa limepata ajali, wananchi wakakusanyika, wengine wakiokoa na wengine wakitazama, na lori likaja likawaparamia palepale. Watu 11 walipoteza maisha na 13 wakajeruhiwa. Waliokufa Chang'ombe wengi wao hawakuwa wasafiri. Walikuwa majirani zetu waliotoka majumbani mwao kwa huruma.

Nawaomba tulitafakari hilo la Chang'ombe bila kulaumu marehemu. Ajali inapotokea, miguu yetu hukimbilia kwa aliyelala chini. Ni utu, na sitaki mtu yeyote auache. Lakini wawili wa kwanza kufika wanatakiwa watoke kwenda kusimamisha magari: mmoja upande wa huku, mwingine upande wa kule, hatua za kutosha kutoka eneo la tukio, wakiwa na tochi ya simu, matawi ya miti, chochote kinachoonekana. Wawili wakishasimama huko ndipo wengine waguse majeruhi. Kila kijiji kilichopakana na barabara hii kinaweza kupanga watu wake wa kazi hiyo leo jioni, bila kusubiri mradi wala semina.

Ajali zinazotangazwa redioni, hata hivyo, si ndizo zinazojaza vitanda vyetu. Vitanda hujazwa na mtu mmoja mmoja ambaye hakuna gazeti litakalomwandika. Kijana wa bodaboda aliyekwepa mbuzi. Abiria wake aliyekuwa nyuma bila kofia ngumu, kwa kuwa kofia ilikuwa moja. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe msimu wa maembe. Mchimbaji mdogo aliyeangukiwa na jiwe shimoni. Mkulima na mfugaji waliogombania mpaka wa shamba, fimbo ikatua utosini. Madaktari wa hospitali ya KCMC pale Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walianza mwaka 2013 kuandika kumbukumbu za wagonjwa walioumia ubongo wanaofikishwa pale. Sura iliyojitokeza ni ileile tunayoiona huku: wengi ni wanaume, wengi ni vijana walio katika umri wa kulea familia, wengi wameumizwa na barabara, na pombe ina sehemu yake isiyofichika.

Sasa twende ndani ya kichwa chenyewe, maana bila kuelewa hapo hatutaelewa kwa nini dakika zina thamani. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, na peke yake hula kiasi cha tano moja ya oksijeni yote ya mwili. Hauna akiba. Tena umefungiwa. Fuvu ni kama chungu kilichofunikwa, kisha mfuniko ukazibwa kwa udongo: kikivimba kilicho ndani, hakina pa kwenda. Damu ikivia, au ubongo wenyewe ukivimba, mgandamizo hupanda, na damu safi inayotoka moyoni hushindwa kupenya. Ubongo uliokuwa mzima, ambao haukuguswa na ajali, huanza kufa kwa njaa ya hewa.

Kwa hiyo mgonjwa wa kichwa huumia mara mbili. Mara ya kwanza ni pale anapogonga lami, na hilo likishatokea limetokea. Hakuna daktari duniani anayeweza kulifuta. Mara ya pili ni katika saa zinazofuata, ubongo unapokosa hewa, unapokosa damu, unapokosa sukari. Jeraha hili la pili ndilo tunaloshindana nalo, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaolisababisha. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Randall Chesnut walichapisha uchunguzi wa mamia ya wagonjwa walioumia vibaya kichwani. Waliona kwamba mgonjwa ambaye presha yake ya juu ilishuka chini ya 90, hata mara moja tu kabla ya kufika hospitali au wakati wa kupokelewa, hatari yake ya kufa ilikuwa karibu maradufu. Mara moja tu. Fikirieni majeruhi aliyevunjika paja pamoja na kichwa, damu inamvuja ndani ya Noah, na hakuna aliyefunga kidonda kwa kuwa macho yote yako usoni.

Kuna sauti moja ningependa kila mtu wa wilaya hizi aitambue. Mtu ameanguka na pikipiki, hazinduki, na anakoroma. Mara ngapi nimewauliza waliomleta mgonjwa wakanijibu, "Nesi, alikuwa amelala tu, anakoroma vizuri, tukasema tumwache apumzike." Ndugu zangu, yule halali. Ulimi umerudi nyuma, umeziba koo, na kile kinachosikika ni hewa ikipigania upenyo. Dakika kumi za mkoromo huo zinaweza kuwa ndizo zitakazoamua kama atajua tena jina la mwanawe. Mgeuzeni ubavu, watu watatu au wanne kwa pamoja, mmoja ameshika kichwa na shingo vikienda sawa na mgongo bila kupinda. Matapishi na damu vitatoka mdomoni badala ya kuingia mapafuni. Msimpe maji. Msimbebe kwa kumshika mikono na miguu huku kichwa kinaning'inia. Mlazeni juu ya ubao, mlango, kitanda cha kamba, chochote kisichopinda.

Sauti ya pili ni ya kwetu wenyewe: "Amelewa huyo." Nimeshaona mgonjwa aliyelazwa benchi hadi alfajiri ili pombe imtoke. Pombe ilimtoka, fahamu haikurudi. Huenda kweli alikuwa amekunywa. Mlevi naye ana fuvu, na mlevi huanguka kuliko wengine. Anayenuka pombe na amegonga kichwa ahesabiwe kuwa ameumia ubongo mpaka hospitali iseme vinginevyo.

Na sauti ya tatu, inayoniuma kuliko zote: "Lakini alikuwa anaongea!" Wapo wanaoanguka, wakazimia kidogo, wakazinduka, wakajipangusa vumbi, wakapanda pikipiki wakaenda nyumbani. Baada ya saa mbili au nne mmoja wao kichwa kinamuuma sana, anatapika, anaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho inapanuka kuliko nyingine. Damu inavia taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mgonjwa huyu ndiye mwenye matumaini makubwa kuliko wote tunaowapokea, kwa sababu ubongo wake wenyewe mara nyingi haujachanika. Akitobolewa fuvu mapema damu ikatoka, anaweza kurudi shambani kama hakuna kilichotokea. Akichelewa, anakufa akiwa mtu ambaye jana jioni alikula ugali na wenzake.

Mapema ni lini? Mwaka 1981 Seelig na wenzake huko Marekani walitoa takwimu za wagonjwa 82 waliokuwa hoi kwa damu iliyovia juu ya ubongo. Waliopasuliwa ndani ya saa nne walikufa 30 kati ya kila 100. Waliopasuliwa baada ya saa nne walikufa 90 kati ya kila 100. Tafiti za baadaye hazikuonyesha pengo kubwa kiasi hicho, na sisi wa wodini tunajua kila mgonjwa ana lake. Ila hesabu ya saa inabaki kutusuta tukiiweka kwenye ramani yetu.

Kutoka Handeni mjini kuja Korogwe ni kilomita 65 hivi. Kutoka Korogwe kwenda Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ni karibu kilomita 100. Kutoka Korogwe kwenda KCMC ni zaidi ya kilomita 200, na kwenda Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambako ndiko kwenye mabingwa wengi wa upasuaji wa ubongo nchini, ni karibu kilomita 300. Dereva mzuri anaweza kuzimaliza kilomita hizo ndani ya saa zinazovumilika. Kinachokula muda hasa si barabara. Ni kusubiri ndugu akusanye fedha, kusubiri mafuta ya gari la wagonjwa, kusubiri fomu ya polisi ya PF3 wakati serikali imekwishasema zaidi ya mara moja kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Ni kumpeleka mgonjwa hospitali ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu, na kila moja inaanza upya kumuuliza jina.

Tunajua tunaweza kufanya tofauti, kwa sababu tumekwishafanya tofauti kwa wajawazito. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, sasa unafika mikoa yote. Mama mwenye dharura hupigiwa simu namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa kijijini aliyesajiliwa humbeba kisha hulipwa. Madereva wapo, simu ipo, utaratibu wa malipo upo. Ningependa wabunge wetu wa Korogwe na Handeni waulize kwa sauti kwa nini dereva huyohuyo, aliyefundishwa na anayelipwa, asiweze kuitwa kumbeba aliyepasuka kichwa Mkata.

Kuna hadithi ya Haydom ambayo naipenda, na ni ya kweli. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom kule Mbulu, mbali na kila kitu. Badala ya kufanya upasuaji yeye mwenyewe akaondoka na picha zake, alimfundisha daktari msaidizi mmoja Mtanzania, Emmanuel Mayegga, namna ya kufungua fuvu na kutoa shinikizo. Mayegga naye akamfundisha mwenzake, na mwenzake akamfundisha mwingine. Wapo mabingwa waliokosoa, wakisema upasuaji wa ubongo si wa kila mtu, na hoja yao ina uzito: mkono usiojua huua. Mimi nilipolipima jambo hili nilielemea upande wa Haydom. Damu inayovia kati ya fuvu na utando haitamsubiri bingwa aliye kilomita 300. Hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji, mtoa usingizi na daktari aliyefundishwa hasa upasuaji huo mmoja, huku bingwa akimwongoza kwa simu, ni jambo linalowezekana Korogwe.

Tuje sasa ICU. Watu wengi hudhani mle ndani kuna dawa maalumu ya kuponya ubongo. Haipo. Kwa miaka mingi madaktari duniani walichoma sindano za dawa za jamii ya steroidi wakiamini zinapunguza uvimbe. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa ulioitwa CRASH, uliohusisha wagonjwa 10,008 katika nchi 49, na matokeo yake ya mwaka 2004 yakawashtua wote: waliopewa dawa walikufa 21 kati ya kila 100, wasiopewa 18. Dawa iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa inaua. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo, CRASH-3 wa mwaka 2019, ulijaribu dawa ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya traneksamiki, kwa watu zaidi ya 12,000. Hiyo ilionyesha kuwafaa wale ambao hawajaumia vibaya sana, ikitolewa ndani ya saa tatu. Ni dawa ya bei ndogo, na wakunga wetu tayari wanaijua kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Angalieni tena hizo saa tatu, kisha angalieni zinaishia wapi: zinaishia Magunga na Handeni, hazifiki Muhimbili.

Na hata vifaa vya bei ghali tunavyovitamani, ushahidi wake una maneno ya kutupa moyo. Mwaka 2012 Chesnut yuleyule na madaktari wa Bolivia na Ecuador walilinganisha makundi mawili ya wagonjwa mahututi, 324 kwa jumla. Kundi moja liliwekewa kifaa ndani ya fuvu cha kupima mgandamizo, jingine likafuatiliwa kwa picha za CT na kwa macho na mikono ya wahudumu. Matokeo hayakutofautiana. Kilichowasaidia wagonjwa hao wote ni mtu aliyekuwa akiwatazama bila kuchoka.

Kutazama huko ndiyo kazi yetu wauguzi, na nataka muione kwa karibu. Kila saa nasogea kitandani. Naita jina lake, si namba ya kitanda. Je, anafungua macho mwenyewe, akiitwa, au mpaka nimfinye? Anaongea sawasawa, anababaika, au anaguna tu? Nikimwambia "kunja ngumi," anakunja? Haya matatu ndiyo kipimo walichotunga Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow mwaka 1974. Alama ya juu ni 15, ya chini ni 3, na aliye na 8 kushuka hawezi kulinda koo lake mwenyewe. Kisha tochi: mboni zote mbili zinasinyaa kwa mwanga? Presha, oksijeni ya kidoleni, sukari, joto la mwili. Kichwa cha kitanda kimeinuliwa kama nyuzi 30 ili damu iliyotumika ishuke. Namsafisha kinywa, namvuta makohozi, namgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, namlisha uji kwa mpira wa puani taratibu usimpalie. Nikiona alama zimeshuka kutoka 11 kwenda 9, namwita daktari hata kama ni saa tisa ya usiku. Siku ya tatu mpaka ya tano ndizo za hatari, uvimbe unapofikia kilele, na ndizo siku ambazo ndugu huwa wameanza kupumua.

Sasa muuguzi mmoja apewe wagonjwa wanne au watano wa namna hiyo. Hapo ndipo matokeo huharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu ICU za hospitali nne kubwa za rufaa nchini, ambao Dkt. Hendry Sawe wa Muhimbili alikuwa mwandishi wake wa kwanza, ulikuta kwamba majeruhi ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko mengine, na kwamba kati ya wagonjwa wote waliolazwa, zaidi ya wanne katika kila kumi walifariki. Tangu hapo yamejengwa mengi. Fedha za mpango wa UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021, zilijenga majengo ya dharura na vyumba vya ICU katika hospitali nyingi ambazo hazikuwahi kuota kuwa navyo. Nashukuru kwa majengo hayo. Ninachoomba, na nitaendelea kuomba mpaka nistaafu, ni watu wa kukaa ndani yake usiku.

Hapa pana ombi kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Mgonjwa anapokuja na barua ya rufaa yenye mstari mmoja, "ameumia kichwa, tunaomba msaada," mimi sijui kama anapanda au anashuka. Niandikieni saa ya ajali, alama zake mlipompokea na alipoondoka, presha, mboni za macho, na dawa mliyompa. Kama alikuwa na 13 kwenu na kwangu ana 9, nitamkimbiza mbele ya wote walio kwenye foleni. Bila karatasi yenu, atasubiri zamu yake.

Swali ambalo ndugu huniuliza mlangoni ni moja: "Atapona?" Mwaka 1975 Jennett na mwenzake Michael Bond walitengeneza ngazi tano za kupimia hatima ya wagonjwa hawa: aliyekufa, aliye hai lakini hajitambui, anayejitambua lakini anategemea watu kwa kila kitu, anayejitegemea akiwa na kasoro, na aliyerudi katika maisha yake. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa wagonjwa 408 ambao mgandamizo wao ulikataa kushuka. Waliotolewa kipande kikubwa cha fuvu ili ubongo upate nafasi, vifo vyao ndani ya miezi sita vilikuwa 27 katika kila 100, dhidi ya 49 kwa waliopewa dawa. Karibu nusu ya vifo ikaepukwa. Lakini baadhi ya walionusurika walibaki hawajitambui, au wakabaki wa kuuguzwa maisha yote. Familia ina haki ya kuambiwa hilo kabla ya kutia sahihi, kwa Kiswahili chepesi, na mtu aliyeketi nao chini. Nimeona mahali ambapo karatasi ilisukumwa dirishani tu, mama akaweka dole gumba bila kujua anakubali nini.

Wanaopanda ngazi za juu nao hawarudi kama walivyoondoka. Mume aliyekuwa mpole anarudi na hasira za ghafla. Fundi cherehani anasahau vipimo alivyochukua asubuhi. Kijana hawezi kuvumilia kelele, analala mchana, haoni aibu pale zamani alipoona. Majirani wanasema amerogwa, au ana majini, au anajifanya. Mke anaanza kusikia maneno kwamba yeye ndiye aliyemfanyia. Jamani, sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoshika breki za tabia, na ndiyo inayogonga kwanza pikipiki inapokwama. Mkeka wa mganga hautairudisha, ingawa sitamzuia mtu kuombewa. Kinachomsaidia ni ratiba ya siku isiyobadilika, kazi ndogo ndogo zinazoongezwa polepole, usingizi wa kutosha, kuacha pombe kabisa, na dawa za degedege asizikatishe mwenyewe.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Kujiunga na bima ya afya ya kaya mapema, hata kama haifiki kila mahali ambapo mgonjwa wa kichwa hupelekwa, ni bora kuliko kuuza shamba siku ya kwanza. Na aliyegongwa na chombo chenye bima ya mtu wa tatu ana haki ya fidia kisheria; ulizeni namba ya bima kituo cha polisi mapema, kabla gari halijaondolewa. Vijana wa bodaboda, kofia ngumu ikifungwa kidevuni hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa 42, kwa mujibu wa uchambuzi wa tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja. Ikining'inia kwenye usukani haipunguzi chochote. Wekeni ya pili kwa ajili ya abiria, na mkamkatalie anayeikataa kwa kuogopa kuharibu nywele.

Nimalizie na ninyi mtakaokuja siku moja kumchukua ndugu yenu wodini. Siku ya kuruhusiwa huwa ya furaha na haraka, gari linasubiri, bili inapigiwa hesabu, na muuguzi ana wagonjwa wengine. Isimamisheni haraka hiyo. Ulizeni anageuzwaje, na kila baada ya muda gani. Ulizeni mkono na mguu vinanyooshwa vipi ili visikakamae, mara ngapi kwa siku. Ulizeni analishwa akiwa ameketi namna gani asipaliwe. Ulizeni dawa ipi ni ya degedege na itaisha lini, kliniki ni tarehe gani, na kama fizioterapia inaweza kufanyika Magunga au Handeni badala ya kumsafirisha kila wiki. Ulizeni ni dalili gani zikitokea mrudi usiku huohuo: kutapika, usingizi usioamshika, degedege, mboni zisizolingana. Kisha semeni mnataka kufanya ninyi wenyewe, palepale kitandani: mumgeuze, mumnyooshe, mumlishe, huku muuguzi akiwatazama na kuwarekebisha. Msiondoke kabla hajasema mmeweza.